Kulaza ukurasa mmoja tu kwenye Google Docs bila waraka mzima kulala nao

#1 Kalamu Mbili

Wakuu salaam,

Naandaa ripoti kwenye Google Docs, imefika kurasa arobaini na ushee, zote zimesimama wima. Katikati kuna jedwali la safu tisa. Kwenye ukurasa wima safu zinabanana kiasi kwamba neno kama "utekelezaji" linakatwa vipande vitatu na kila kipande kinashuka mstari wake. Halisomeki.

Ninachotaka ni kidogo: ukurasa wenye jedwali ulale, kurasa zilizotangulia na zinazofuata zibaki zimesimama. Nikienda File, Page setup, nikachagua Landscape, waraka wote unalala. Nikirudisha Portrait, jedwali linarudi kubanana. Nikaona labda ukurasa ukitengwa utapokea amri peke yake, nikaweka Ctrl+Enter kabla na baada ya jedwali. Wapi.

Kuna njia, au nihamishie kazi yote Word?

#2 Fundi Waraka

Njia ipo na huna haja ya kuhama. Miaka ya nyuma Docs ilikuwa haikubali kabisa kuchanganya wima na mlalo katika waraka mmoja, ndiyo maana bado kuna maelezo mengi mtandaoni yanayosema haiwezekani. Tangu 2020 inawezekana.

Ulichoweka ni mkato wa ukurasa, na hapo panatakiwa mkato wa sehemu. Ctrl+Enter inasukuma maandishi yaanze ukurasa unaofuata, basi, kazi yake imeishia hapo. Ukurasa wenyewe hauna mwelekeo wa kwake. Mwelekeo, pambizo, idadi ya safu za maandishi, kichwa cha ukurasa na kijachini, vyote vinashikwa na sehemu, ile ambayo kwenye menyu inaitwa Section. Waraka wako mpaka sasa ni sehemu moja kutoka jalada hadi kiambatisho, kwa hiyo ukiilaza inalala yote. Ukitaka kimoja kilale, lazima kwanza ukipe sehemu yake.

Njia fupi: chagua kuanzia mstari ulio juu ya jedwali hadi mstari ulio chini yake. Fungua File, Page setup. Juu kabisa kuna Apply to, imekaa kwenye Whole document. Badilisha iwe Selected content, weka Landscape, OK. Docs itapachika mikato miwili yenyewe, mmoja kabla na mmoja baada.

Njia ninayoitumia mimi ni ndefu kidogo. Weka kishale mwisho wa aya inayotangulia jedwali, nenda Insert, Break, chagua Section break ile ya next page. Shuka chini ya jedwali, weka nyingine ya aina hiyohiyo. Sasa rudisha kishale kwenye mstari wowote kati ya mikato miwili, fungua Page setup, kwenye Apply to chagua This section, Landscape, OK.

Naipenda hii ya pili kwa sababu najua mikato iko wapi, nimeiweka kwa mkono wangu. Ile ya kwanza ukichagua vibaya, ukaacha kichwa cha jedwali nje kwa mfano, kichwa kinabaki peke yake kwenye ukurasa wima na jedwali linalala ukurasa wa pili bila jina.

Na toa zile Ctrl+Enter zako kabla hujaanza. Zitakuletea kurasa tupu.

#3 Nukta

Nyongeza kwa Fundi. Kabla ya yote fungua View, washa Show non-printing characters. Mikato yote itaonekana, ya ukurasa na ya sehemu, pamoja na aya tupu zilizojificha. Kufanya kazi hii bila kuona mikato ni kupapasa gizani.

Pia ukichagua maandishi ukabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kwenye orodha inayofunguka kuna amri ya kugeuza ukurasa kuwa landscape moja kwa moja. Matokeo ni yaleyale ya Selected content.

#4 Kalamu Mbili

Asanteni sana, lakini nimekwama mlangoni. Hiyo Apply to mimi siioni. Sijui nimebonyeza nini tangu nilipoandika, sasa Page setup yangu inafunguka ikiwa na vichupo viwili juu, Pages na Pageless, na chini naona habari za rangi ya nyuma tu. Hata kitufe cha kulia hakinipi hiyo amri. Mimi ndiye mwenye faili, si kwamba nimepewa kusoma tu.

#5 Nukta

Uko Pageless. Huo ni mtindo usio na kurasa, maandishi yanateremka moja kwa moja kama tovuti. Pasipo na ukurasa hapana wima wala mlalo, hapana namba za ukurasa, wala vichwa na vijachini havionekani. Bofya kichupo cha Pages, OK, kila kitu kitarudi.

Ukikuta kila faili jipya linafunguka hivyo, kuna siku ulibonyeza Set as default ukiwa kwenye Pageless. Rudi hapohapo, simama kwenye Pages, bonyeza Set as default tena.

Ila swali la kando: ripoti hii itachapwa kwenye karatasi au watu wataisoma kwenye skrini tu? Kama ni skrini tu, Pageless ni nzuri kwa majedwali mapana, unaliacha jedwali litanuke na msomaji analisogeza kushoto na kulia. Usirudi kwenye kurasa kwa mazoea.

#6 Kalamu Mbili

Itachapwa na kujalidiwa. Nimerudi kwenye Pages, Apply to imejitokeza. Naendelea.

#7 Karani wa Zamani

Mniwie radhi, mimi napingana na uzi mzima. Jedwali la safu tisa ndani ya ripoti ya maelezo lina walakini kabla hatujagusa menyu yoyote. Nani atasoma safu tisa akiwa katikati ya hoja? Toa safu ambazo maelezo yako hayazigusi, punguza pambizo, shusha herufi za jedwali hadi pointi 9, au ligawe mara mbili. Lile kubwa lipeleke kiambatisho, huko lilale linavyotaka.

Nimesoma ripoti nyingi ambazo kila kurasa tatu unageuza kitabu. Mwisho unaacha kugeuza na unaruka majedwali. Mwandishi anadhani ametoa ushahidi, kumbe hakuna aliyeuona.

#8 Fundi Waraka

Karani, hapo kwenye kiambatisho nakuunga mkono. Kwenye pambizo siko nawe, na tupige hesabu badala ya kubishana.

A4 ni sm 21 kwa 29.7. Pambizo ya kawaida ni sm 2.54 kila upande. Ukurasa ukisimama, upana wa kuandikia ni sm 15.92. Gawa kwa safu tisa, kila safu inapata sm 1.77, na humo bado kuna nafasi ya ndani ya kila chumba inayokula pande zote mbili. Neno refu la Kiswahili halikai humo. Lugha yetu inabeba kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa ndani ya neno moja, neno "yaliyotekelezwa" peke yake linataka karibu sm 3 kwa herufi za pointi 11.

Punguza pambizo iwe nusu, sm 1.27: upana unafika sm 18.46, safu sm 2.05. Umepata nafuu kidogo na umeharibu sura ya ukurasa. Laza ukurasa kwa pambizo zilezile: sm 24.62, safu sm 2.74. Hapo ndipo jedwali linaanza kupumua, na ukishusha herufi kidogo kama alivyosema Karani, linakaa.

Upande wa pili wa hesabu watu huusahau. Upana ulioongezeka umetoka kwenye kimo. Ukurasa wima ulikuwa na sm 24.62 za kwenda chini, ukilala zinabaki 15.92. Umepoteza zaidi ya theluthi. Jedwali refu lenye safu chache ukililaza unalifanya lichukue kurasa nyingi zaidi bila faida yoyote. Kwa hiyo kabla ya kulaza, tazama kinachobana ni upana au urefu.

Na Kalamu Mbili, usishangae ukilaza ukurasa halafu jedwali likabaki na upana wake wa zamani, limejikunyata kushoto. Upana wa safu umehifadhiwa kama ulivyouacha. Buruta mpaka wa kulia kabisa hadi kwenye pambizo mpya, kisha bonyeza kitufe cha kulia ndani ya jedwali uchague Distribute columns kama unataka safu zilingane. Mimi huwa sitaki zilingane. Safu ya namba inahitaji nafasi ndogo, ya maelezo inahitaji kubwa.

Jedwali likivuka kurasa mbili za mlalo, kwenye mstari wa vichwa bonyeza kulia, chagua Pin header row. Vichwa vitajirudia juu ya kila ukurasa.

#9 Bi Hariri

Kwa kuwa amesema itajalidiwa, nami nichangie. Kazi yangu ni kuhariri ripoti na tasnifu, na kurasa za mlalo ndizo zinazorudisha kazi dirishani mara nyingi kuliko makosa ya tahajia.

La kwanza, upande wa kujalidi. Kurasa zako zikichapwa upande mmoja na kushonwa kushoto, bila shaka umeacha pambizo pana kushoto, sm 3.5 au 4 hivi. Ukurasa wa mlalo ukiingia kwenye kitabu unazungushwa, na utaratibu uliozoeleka ni kwamba sehemu yake ya juu ndiyo inaelekea kwenye mshono. Msomaji anageuza kitabu kwa mwelekeo wa mishale ya saa, robo mzunguko, na jedwali linasomeka. Maana yake ni kwamba katika sehemu iliyolala, pambizo pana inatakiwa kuwa ya JUU, si ya kushoto. Ukiacha ya kushoto iwe pana, utakuwa na nafasi kubwa isiyo na kazi upande mmoja na kichwa cha jedwali kimemezwa na mshono upande mwingine.

Hilo linafanyika palepale kwenye Page setup. Kishale ndani ya sehemu iliyolala, Apply to iwe This section, kisha andika pambizo upya zote nne. Pambizo ni mali ya sehemu, hazitagusa kurasa nyingine.

La pili, namba ya ukurasa. Hili lina mambo.

Ukurasa ukilala, kijachini kinalala nao. Namba iliyokuwa chini katikati inabaki chini katikati ya ukurasa wa mlalo, na ukishajalidi iko ubavuni, pembeni kabisa mwa kitabu. Vyuo na wachapishaji wengi wanaridhika na hilo. Wengine hawaridhiki, wanataka namba zote zikae mahali pamoja ukifunua kitabu haraka. Uliza kabla hujaanza, usiulize siku ya kuwasilisha.

#10 Kalamu Mbili

Bi Hariri asante, hilo la pambizo ya juu sikuwa nalo kabisa.

Namba kwangu iko juu kulia pamoja na jina fupi la ripoti kushoto. Sasa kwenye ukurasa uliolala namba haiko kulia tena, imesimama katikati ya ukurasa peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Kurasa za wima ziko sawa.

#11 Bi Hariri

Hapo umetumia tab, yaani kituo cha kitufe cha Tab, au umebonyeza nafasi nyingi kuisukuma namba kulia. Tab inasimama kwenye kipimo maalumu kutoka kushoto. Kulia kwa ukurasa wima ni kama katikati kwa ukurasa wa mlalo. Kama namba ingekuwa kwenye aya yake iliyoelekezwa kulia kwa kitufe cha kupanga kulia, ingeifuata pambizo yenyewe popote inapokwenda.

Una njia mbili. Rahisi ni kuweka jina la ripoti kwenye mstari wake, na namba kwenye mstari wa chini yake uliopangwa kulia. Hapo hutagusa tena kitu.

Ukitaka vyote vibaki mstari mmoja, basi sehemu iliyolala iwe na kichwa chake, na hapa fuata mpangilio huu kwa utulivu. Bofya ndani ya kichwa cha ukurasa uliolala, utaona kisanduku cha Link to previous. Kiondolee tiki. USIANZE kuhariri bado. Shuka kwenye sehemu inayofuata, ile inayorudi wima, nayo iondolee tiki ya Link to previous. Sasa rudi kwenye ukurasa uliolala, washa rula kwa View, Show ruler, uisogeze tab hadi pambizo mpya ya kulia.

Sababu ya kuondoa tiki mara mbili: sehemu ya tatu inarithi kutoka ya pili, si kutoka ya kwanza. Ukirekebisha ya pili kabla ya kuikata ya tatu, kurasa zote za wima zinazofuata zitachukua tab mpya na namba zitatoka nje ya karatasi. Nimeiona hiyo kwa waandishi wasiohesabika, na kila mmoja huja akisema programu imeharibika.

Ukimaliza tazama namba zenyewe. Kama sehemu mpya imeanza kuhesabu upya kutoka 1, fungua mipangilio ya namba za ukurasa, uchague iendelee kutoka sehemu iliyotangulia.

#12 Karani wa Zamani

Mnaona sasa? Jedwali moja limezaa pambizo, vichwa, tab na namba. Mimi na kiambatisho changu tumelala usingizi.

Ila kwa wale ambao wakubwa wao wanataka namba mahali palepale, kuna njia ya zamani: usilaze ukurasa, laza picha. Grafu au mchoro uliokwisha tayari uingize kama picha, bofya juu yake, Image options, Size & rotation, mzungushe nyuzi 90. Ukurasa unabaki wima, kichwa na namba vinakaa mahali pake, na kilichozunguka ni picha peke yake.

#13 Bi Hariri

Kwa grafu nakubali kabisa, na kwa kweli naipendekeza. Kwa jedwali la maandishi hapana. Jedwali likigeuzwa picha huwezi kusahihisha tarakimu moja bila kurudi kutengeneza picha upya, huwezi kutafuta neno ndani yake, na msomaji asiyeona anayetumia kisomaji cha skrini hapati chochote isipokuwa maelezo mbadala uliyoandika, kama uliandika. Maandishi yaachwe yawe maandishi.

#14 kanuni_na_kodi

Nimeupenda huu uzi. Niwape kilicho chini ya boneti kwa wanaoandika programu ndogo za kuchezea Docs.

Kwenye API ya Google Docs, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuiendesha Docs, ukubwa wa karatasi umeandikwa mara moja tu, kwenye mtindo wa waraka mzima. Sehemu hazina ukubwa wa karatasi. Zina swichi moja inayoitwa flipPageOrientation, na kazi yake ni kubadilishana upana na kimo cha ile karatasi ya waraka. Yaani ndani ya faili hakuna kitu kinachozungushwa. Sm 21 na 29.7 zinabadilishana nafasi, maandishi yanapangwa upya ndani ya mstatili mpya, imeisha.

Ndiyo maana pia unaweza kuwa na sehemu wima na mlalo pamoja lakini huwezi kuipa sehemu moja A4 na nyingine A3. Karatasi ni moja. Rangi ya ukurasa nayo vilevile, ni ya waraka wote.

#15 Mchoraji Ramani

Hilo la mwisho ndilo lililonileta. Nina ramani inayohitaji A3 ikunjwe ndani ya ripoti ya A4. Kwa hiyo Docs haitanifaa?

#16 kanuni_na_kodi

Kwa sehemu za waraka mmoja, hapana. Ramani iweke kwenye waraka wake wa A3 mlalo, pakua zote mbili kama PDF, kisha ziunganishe. Word inakubali ukubwa tofauti wa karatasi kwa kila sehemu, kama unapendelea kila kitu kiwe mahali pamoja.

Uzuri ni kwamba A3 ikilala ni sawasawa na A4 mbili zilizosimama bega kwa bega: 29.7 kwenda juu, 42 kwenda kando. Ukiikunja katikati inaingia kwenye ripoti bila kutokeza. Uwiano wa karatasi hizi, urefu kugawa upana, ni takriban 1.414, na ndio unaofanya kila saizi ikigawanywa nusu itoe saizi inayofuata yenye umbo lilelile. Wajerumani waliuweka kuwa kiwango mwaka 1922, na 1975 ukawa wa kimataifa kwa jina la ISO 216. Karatasi ya Letter inayotumika Marekani haina tabia hiyo, ukiikata nusu umbo linabadilika.

#17 Fundi Waraka

Kwa kuwa Word imetajwa mara ya pili, niweke njia yake hapa uzi usirudiwe. Word iliyosakinishwa kwenye kompyuta: chagua unachotaka kilale, Layout, Margins, Custom Margins, bonyeza Landscape, na chini kwenye Apply to chagua Selected text. Inapachika mikato ya sehemu yenyewe. Word ya kwenye kivinjari ina Orientation ndani ya Layout, lakini kazi ya sehemu mimi huifanyia kwenye ile iliyosakinishwa kisha narudi kivinjarini, mikato inabaki.

Jambo moja la Word la kushika: taarifa za sehemu zimehifadhiwa kwenye mkato unaoifunga, ule wa mwishoni. Ukiufuta mkato huo, maandishi ya juu yake yanachukua sura ya sehemu ya chini. Watu wanafuta mkato wakidhani wanaondoa mstari tu, mara kurasa thelathini zimelala. Ctrl+Z haraka, usipekue menyu kwanza.

LibreOffice Writer inafikiri tofauti kabisa, inatumia mitindo ya kurasa. Unaweka Manual Break, unachagua Page break, unaipa mtindo wa Landscape, na mwisho wa jedwali unaweka nyingine yenye mtindo wa kawaida. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi naona ndiyo iliyonyooka kuliko zote tatu, lakini huo ni ubishi wa siku nyingine.

#18 Zamu ya Jioni

Na sisi wa simu?

#19 Nukta

Fungua waraka kwenye programu ya Docs, bonyeza nukta tatu, Page setup, Orientation. Hiyo ni ya waraka mzima, kwa barua au tangazo la ukurasa mmoja inatosha. Mambo ya sehemu, Link to previous na tab fanyia kwenye kompyuta. Hata kama ungefaulu kwenye skrini ya kiganjani, usingeona ulichoharibu kurasa tano mbele.

#20 Kalamu Mbili

Ripoti ya maendeleo: jedwali limelala, safu zimekaa, namba ziko kulia kila mahali. Nimefuata mpangilio wa Bi Hariri hatua kwa hatua.

Limebaki moja. Baada ya jedwali kuna ukurasa mtupu, nao umelala, ndipo kurasa za wima zinaendelea. Ctrl+Enter zote nilishatoa, nimewasha alama zisizochapwa, sioni mkato wa ziada. Kilichopo ni aya tupu moja chini ya jedwali, na haifutiki.

#21 Fundi Waraka

Hiyo aya haitafutika, jedwali lazima lifuatwe na aya. Jedwali lako limejaza ukurasa hadi chini kabisa, aya ikakosa nafasi, ikasukumwa ukurasa wa pili pamoja na mkato wa sehemu. Ifanye ndogo: ichague, weka ukubwa wa herufi 1, nafasi kati ya mistari iwe 1, na kwenye Custom spacing weka sifuri kabla na sifuri baada. Ikigoma bado, punguza pambizo ya chini ya sehemu hiyo kwa milimita mbili tatu. Usipunguze ya juu, hiyo ni ya mshono.

#22 Kalamu Mbili

Imekubali bila kugusa pambizo. Ukurasa mtupu umeondoka.

Kesho naipeleka kuchapwa. Kuna la kuangalia?

#23 Bi Hariri

Yapo. Usichape moja kwa moja kutoka kivinjarini. Pakua kwa File, Download, PDF Document, ufungue hiyo PDF uipitie yote. Kila ukurasa ndani ya PDF unabeba mwelekeo wake, kwa hiyo utakachokiona ndicho kitakachotoka. Kwenye dirisha la kuprinti, mwelekeo uache kwenye Auto. Ukilazimisha Portrait, ukurasa uliolala unaweza kupunguzwa ili uenee kwenye upana wa sm 21, na herufi zako zote ulizozipigania zinakuwa za kusomea kioo cha kukuzia.

Chapa kwanza kurasa tatu: uliotangulia jedwali, wa jedwali, na unaofuata. Zipange kama zitakavyojalidiwa, utazame juu ya jedwali kumeelekea wapi. Printa nyingine huzungusha ukurasa wa mlalo upande wa pili, juu inakwenda nje badala ya kwenye mshono. Ikitokea hivyo, zungusha ukurasa huo nyuzi 180 ndani ya programu ya PDF kabla ya kuchapa yote.

Kwa wengine watakaosoma: waraka wote ukiwa mlalo na unachapwa pande mbili, kwenye mipangilio ya printa chagua kugeuza kwa ukingo mfupi. Ukiacha ukingo mrefu, kila ukurasa wa nyuma utakuwa kichwa chini unapofunua kama kitabu.

#24 Mgeni Hapa

Samahani jamani, nimesoma hadi hapa kichwa kinauma. Mimi nataka kulaza waraka wote tu, cheti cha ukurasa mmoja. Nifanye yote hayo?

#25 Nukta

La hasha. File, Page setup, Landscape, OK. Cheti kimelala.